Mundu wa mikromita nane: uchambuzi wa kisa cha Gyrodactylus salaris na Gyrodactylus thymalli

Kisa hiki kinahusu minyoo wawili wa samaki ambao tangu 1960 wameandikwa vitabuni kwa majina mawili, na ambao tofauti yao, kama ipo, imetafutwa kwa miaka mingi ndani ya kipande cha kulabu chenye urefu unaolingana na upana wa chembe moja nyekundu ya damu ya binadamu. Mmoja, Gyrodactylus salaris, huishi juu ya samoni wa Atlantiki, na katika mito ya Norwei amewaua samoni wachanga kwa wingi uliotikisa uvuvi wa nchi nzima. Mwingine, Gyrodactylus thymalli, huishi juu ya grelingi, samaki wa mito baridi aliye wa ukoo mmoja na samoni, mwenye pezi la mgongoni lililosimama kama tanga, naye hajulikani kumletea samaki huyo madhara ya kutisha. Mchunguzi wa afya ya samaki anayeinamia hadubini analazimika kusema ni yupi kati ya hao wawili aliye mbele yake, na jina atakaloandika kwenye daftari linaweza kusababisha mto mzima utiwe sumu au uachwe kama ulivyo.

Inafaa kuanza na uzito wa jambo lenyewe, kwa sababu bila huo mtu anaweza kudhani kuwa ubishi huu ni wa wanazuoni wanaogombania majina ya Kilatini. G. salaris alielezwa mara ya kwanza na Mswidi Göran Malmberg mwaka 1957, kutokana na samoni wa kituo cha Hölle kwenye mto Indalsälven, unaomwaga maji yake upande wa Baltiki. Samoni wengi wa upande huo wameishi na mnyoo huyu kwa vizazi vingi na kwa kawaida humvumilia. Samoni wa Norwei, wanaoshuka kwenda Atlantiki, hawakuwahi kukutana naye. Alipogunduliwa Norwei mwaka 1975, akiwa amefika pamoja na vifaranga na samaki hai waliosafirishwa kutoka Uswidi, alienea mto baada ya mto hadi kufikia mito ipatayo 50, na katika mito iliyoambukizwa idadi ya samoni wachanga ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kwa wastani. Samaki mchanga mwenye urefu wa kidole hubeba minyoo kwa mamia, hata maelfu, kila mmoja akijichomeka kwenye ngozi na kula seli za juu, mpaka ngozi inashindwa kuzuia maji na chumvi zisipite ovyo, na ukungu wa majini unapata mlango.

Dawa iliyotumika ni kali. Mamlaka za Norwei zilitia rotenoni mitoni ili kuua samaki wote waliobeba mnyoo, kwa kuwa mnyoo huyu hana yai linalokaa nje wala mnyama wa kati wa kujificha ndani yake. Samaki akiisha, naye ameisha. Rotenoni ni sumu ya jamii ile ile iliyomo katika utupa, mmea ambao wavuvi wa mito na mabwawa ya Afrika Mashariki wameutwanga na kuumwaga majini tangu zamani, ili samaki waelee wakiwa hoi. Mto Vefsna ulitiwa sumu hiyo mwaka 2011 na tena 2012, ukatangazwa kuwa salama mwaka 2017. Mto Rauma ulikwisha kutiwa mwaka 1993, lakini mnyoo akaonekana tena mwaka 1996 na kazi ikalazimika kurudiwa miaka ya 2013 na 2014. Kabla ya sumu, mbegu za samoni wa mto husika huhifadhiwa katika vituo maalumu ili baadaye warudishwe kwao. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuanzisha zoezi kama hilo kwa sababu ya jina lililokosewa, na hakuna anayetaka kuliacha lisifanyike kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tumtazame mnyoo mwenyewe. Ana urefu wa nusu milimita hivi, ni mweupe na anapitisha mwanga. Ukimweka hai juu ya bamba la kioo lenye tone la maji utamwona akijinyoosha na kujikunja kama ruba mdogo, na jambo linalovuta macho kuliko yote ni kwamba tumboni mwake mna mtoto aliyekwisha kukamilika, tena ndani ya mtoto huyo mna kiinitete kingine kinachoanza kuumbika. Mnyoo huzaa mtoto ambaye tayari ni mjamzito. Ndiyo maana mnyoo mmoja tu aliyebaki mtoni anatosha kurudisha balaa lote, na ndiyo maana minyoo wanaokutwa juu ya samaki mmoja mara nyingi ni ndugu wa karibu sana, jambo ambalo mpimaji akilisahau atadhani amepima minyoo 30 wa kujitegemea, kumbe amepima ukoo mmoja mara 30.

Upande wa nyuma ana kisahani cha kushikia. Katikati ya kisahani hicho kuna kulabu mbili kubwa, ambazo wataalamu huziita nanga, zilizounganishwa na fito mbili, moja ya juu na moja ya chini. Ukingoni kuna vikulabu 16, na kila kikulabu kina mpini mwembamba na kichwa kilichopinda, ambacho nitakiita mundu kwa sababu ndivyo kilivyo: kina ncha, kina mgongo, kina kisigino na kina kidole kinachochomoza mbele ya kisigino. Nanga ina urefu wa mikromita 70 hivi, yaani karibu unene wa unywele. Mundu una mikromita 8 hivi. Nyama ya mnyoo hubadilika umbo kila akijikunja, kwa hiyo haifai kupimwa, lakini sehemu hizi ngumu hazikunjiki, na ndiyo sababu zimekuwa kitambulisho cha jenasi hii yenye spishi zaidi ya 400 zilizokwisha kuelezwa.

Kwa spishi nyingi kitambulisho hicho kinatosha kabisa, na ni haki kulisema hilo mapema kabla ya kuonyesha pale kinaposhindwa. Gyrodactylus truttae, anayeishi hasa juu ya trauti wa kahawia, samaki jamaa wa samoni, ana mundu wenye umbo ambalo jicho lililozoea hulitenga na la salaris bila kuhitaji rula. Gyrodactylus caledoniensis, aliyeelezwa mwaka 1995 kutoka kwa samoni wa Uskoti, naye ana umbo lake. Mgogoro uko kwa thymalli, aliyeelezwa na Žitňan mwaka 1960 kutoka kwa grelingi wa Slovakia ya leo. Ukiweka mundu wake kando ya mundu wa salaris, ncha kwa ncha na kisigino kwa kisigino, jicho halina la kusema. Ikabidi kipimo kiseme.

Njia ya kupima ni hii. Kisahani cha nyuma hukatwa kwa sindano nyembamba chini ya hadubini, kisha huwekewa kimeng'enya kinachoyeyusha protini, ambacho hula nyama yote na kuziacha nanga, fito na vikulabu vikiwa vimelala peke yao kwenye kioo kama mifupa iliyooshwa. Juu yake huwekwa kioo chembamba cha kufunika na lenzi kubwa yenye mafuta. Picha huchukuliwa, na pointi huwekwa kwenye picha: urefu wote wa nanga, upana wa shina lake, uwazi kati ya ncha na shina, urefu wa kikulabu chote, urefu wa mundu, upana wa mundu kwenye kisigino, upana wake karibu na ncha, umbali wa kidole. Vipimo zaidi ya 20 hutoka kwa mnyoo mmoja.

Hapo panahitaji utulivu. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2 hivi, hata iwe ya bei gani, kwa kuwa kikomo hicho kimewekwa na mwanga wenyewe. Mikromita 0.2 katika mundu wa mikromita 8 ni asilimia 2.5. Mundu ukiinama kidogo upande mmoja, urefu unaoonekana unapungua. Kioo cha kufunika kikibanwa zaidi, nanga inalala chali na upana wake unaongezeka. Wapimaji wawili wanaotazama picha moja wataweka pointi ya kisigino mahali tofauti kidogo, na mpimaji mmoja ataiweka tofauti asubuhi na jioni. Tofauti zinazotafutwa kati ya salaris na thymalli ni za ukubwa huo huo wa sehemu ya mikromita. Kwa maoni yangu, jedwali lolote la vipimo vya minyoo hawa lisiloonyesha jinsi mpimaji alivyorudia kupima kulabu ile ile, na alipishana na nafsi yake kwa kiasi gani, halijamaliza kazi yake.

Lakini kosa la mkono si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni kwamba kulabu zenyewe hubadilika kihalali. Mwaka 1991 Tor Atle Mo alichapisha matokeo ya kupima G. salaris kwa kufuata majira ya mwaka katika mto Batnfjordselva nchini Norwei, na pia katika maabara kwa viwango mbalimbali vya joto. Alionyesha kwamba minyoo waliozaliwa katika maji baridi wana kulabu kubwa kuliko waliozaliwa katika maji ya vuguvugu. Sababu inaeleweka: vikulabu vya ukingoni hukamilika mnyoo akiwa bado tumboni, na baridi huchelewesha ukuaji wa kiinitete, hivyo kulabu hupata muda mrefu zaidi wa kujengeka. Maana yake ni kwamba mnyoo yule yule, wa mto ule ule, juu ya samaki yule yule, ana vipimo vya majira ya baridi na vipimo vya majira ya joto. Sampuli ya salaris iliyokusanywa mwishoni mwa baridi ikilinganishwa na sampuli ya thymalli iliyokusanywa kiangazi, takwimu zitatoa tofauti dhahiri, na tofauti hiyo itakuwa ya kweli, ila itakuwa imepima joto la maji.

Mwaka 2000 watafiti wa Uskoti, wakiwamo wataalamu wa vimelea na wataalamu wa hisabati, walichapisha kazi iliyojaribu kuvuka ugumu huu kwa njia ya takwimu. Hawakutegemea kipimo kimoja. Walichukua vipimo vingi kwa pamoja na kuziacha kanuni za uainishaji zitafute mchanganyiko unaotenga makundi mawili vizuri kuliko mchanganyiko mwingine. Wazo lilikuwa jema na hata leo nalitetea: kulabu mbili zinaweza kufanana kwa urefu na kwa upana, lakini zisifanane kwa uhusiano wa urefu na upana huo. Uingereza ilikuwa na haja ya haraka ya chombo kama hicho. Nchi hiyo haina G. salaris, na sheria zake zinautaka ugonjwa huo uripotiwe mara unapoonekana; lakini ina grelingi, na mwaka 1999 ilikuwa imeripotiwa kwamba grelingi wa Uingereza wana thymalli. Hebu fikiria ofisa aliyetumwa mtoni, ambako samoni na grelingi wanaogelea pamoja. Anamkuta mnyoo juu ya samoni. Amedondoka kutoka kwa grelingi na kudandia, au ndiye yule wa Norwei?

Kanuni za takwimu zilifanikiwa kutenga sampuli zilizopewa. Hapo ndipo nadhani kisa hiki kina jambo la kumfundisha kila mtu anayepima viumbe, hata asiyejali samaki. Kanuni ya uainishaji hujifunza kutoka kwenye majina iliyopewa. Ukimpa mtu vikapu viwili vya maembe, kimoja kimeandikwa Dodo na kingine Boribo, naye akapima kila embe kwa uangalifu, ataweza kukutengenezea kanuni ya kuyatenga, na kanuni hiyo itafanya kazi vizuri. Lakini kama vikapu viliandikwa kwa kufuata gari lililoyaleta na si kwa kufuata mwembe, kanuni itatenga magari. Itayatenga vizuri kabisa, kwa sababu maembe ya gari moja yalichumwa siku moja kwenye shamba moja. Minyoo wa kisa chetu walipewa majina kwa kufuata samaki waliyekutwa juu yake: wa samoni akaitwa salaris, wa grelingi akaitwa thymalli. Jina lilitangulia kipimo. Kipimo kikaulizwa kama kinaafikiana na jina, nacho kikaafikiana, kwa kuwa minyoo wa sehemu moja, wa ukoo mmoja na wa majira mamoja hufanana wao kwa wao kuliko wanavyofanana na wa kwingine.

Vinasaba ndivyo vilivyoanza kuleta mashaka. Sehemu ya vinasaba vya raibosomu inayotumika kutenganisha spishi nyingi za Gyrodactylus, na ambayo humtenga truttae bila shida, haikumtenga salaris na thymalli. Watafiti wakageukia vinasaba vya mitokondria, yaani vyumba vidogo vya kuzalisha nishati ndani ya seli, vinavyobadilika haraka zaidi. Mwaka 2003 Haakon Hansen na wenzake walichapisha mti wa nasaba wa minyoo waliokusanywa kutoka mito ya Skandinavia, na mti huo haukuwa na matawi mawili, moja la samoni na moja la grelingi. Ulikuwa na matawi kadhaa, ya samoni na ya grelingi yakiwa yamechanganyika, bila shina moja linalokusanya salaris wote wala shina linalokusanya thymalli wote. Kilichojitokeza wazi zaidi ni jiografia: mnyoo wa bonde moja la mto alikuwa na nasaba yake, awe na jina gani.

Mwaka 2007 Kjetil Olstad na wenzake walirudi kwenye kulabu. Safari hii walichukua minyoo kutoka makundi ya asili ya mito mbalimbali badala ya kutegemea sampuli chache, na wakapima sehemu ngumu zile zile ili kuona kama zinagawanyika kwa kufuata mwenyeji, yaani samaki anayewabeba. Hazikugawanyika. Kundi la salaris la mto mmoja liliweza kuwa mbali na kundi la salaris la mto mwingine kama lilivyokuwa mbali na thymalli. Naiona kazi hiyo kuwa ndiyo kiini cha kisa chote, kwa sababu haikupuuza vipimo kwa kisingizio kwamba vinasaba vimefika. Iliviuliza vipimo swali lililotungwa vizuri zaidi, navyo vikajibu.

Upande mmoja, hata hivyo, unakataa kunyamaza, nao ni upande wa samaki. Majaribio ya kuambukiza yameonyesha kwamba minyoo waliotoka kwa grelingi hawastawi juu ya samoni kama wanavyostawi minyoo waliotoka kwa samoni. Hufa au hupungua, na samoni hapati ugonjwa ule wa Norwei. Kwa mfugaji, kwa mvuvi na kwa mto, hiyo ni tofauti kubwa kuliko mikromita yoyote. Wengine wameichukua kuwa ushahidi wa spishi mbili. Mimi siikubali hoja hiyo kirahisi, kwa sababu ndani ya jina la salaris lenyewe kuna tofauti kama hiyo: nchini Norwei, katika ziwa Pålsbufjorden, kuna salaris wanaoishi juu ya samaki jamaa wa samoni aitwaye “cha” (charr) wa Aktiki, na hawaleti maafa kama wale wa mito ya samoni; Denmark nako kuliripotiwa salaris wa trauti wa upinde wa mvua wasio wakali kwa samoni. Ukali umegawanyika kwa nasaba, na mpaka wake haupiti mahali ulipopita mpaka wa majina. Mwaka 2014 utafiti mwingine, uliotazama vinasaba vidogo vinavyodhibiti vinasaba vingine, uliunga mkono rai kwamba salaris na thymalli ni spishi moja, na kama rai hiyo itafuatwa, jina la 1957 ndilo litakalobaki, kwa kuwa lilitangulia.

Je, vipimo vitupwe? Hapana, na katika kazi ya kila siku havijatupwa. Mchunguzi anapopokea kichupa chenye mapezi ya samoni yaliyohifadhiwa kwenye spiriti, kulabu ndizo zinazomwambia kwa dakika chache kama aliye mbele yake ni truttae, jirani asiye na hatari, au ni mmoja wa kundi la salaris anayestahili kuwekewa umakini wote. Swali la kuwa ni nasaba ipi ndani ya kundi hilo hupelekwa kwenye vinasaba vya mitokondria, na jibu husomwa pamoja na taarifa za mwenyeji na za mto. Kosa lilikuwa kuitaka kulabu ijibu swali la pili kwa sababu tu ililijibu vizuri swali la kwanza.

Wapo wasomaji watakaouliza kama haya yanatuhusu sisi wa maziwa makuu. Sato wetu ametoka Afrika akasambazwa duniani kote, na hakusafiri peke yake: Gyrodactylus cichlidarum, aliyeelezwa na Paperna mwaka 1968 kutoka Ghana, amekutwa juu ya perege wa kufugwa katika mabara mengine, naye ana jamaa wa karibu wanaofanana naye kulabu kwa kulabu. Vifaranga vinavyohamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine hubeba minyoo wa bwawa la kwanza, na maji ya bwawa la kina kifupi hupata joto na baridi kwa namna ambayo maji ya ziwa hayapati. Anayewapima minyoo hawa bila kuandika joto la maji siku samaki alipovuliwa ataingia katika shimo lile lile la Skandinavia.

Utaratibu ambao umetokana na kisa hiki ni mwepesi kueleza kuliko kuutekeleza, hasa kidole kinapotetemeka juu ya kiumbe cha nusu milimita. Mnyoo hukatwa vipande viwili. Kipande cha mbele huingia kwenye kichupa cha vinasaba. Kipande cha nyuma huyeyushwa nyama, kulabu zake zikabaki kwenye kioo, na kioo huandikwa namba ile ile ya kichupa, jina la samaki, mto, tarehe na nyuzi za joto la maji. Nafasi ya jina la mnyoo huachwa wazi mpaka vipande vyote viwili vimesomwa.